Kijumbe, Prosesa na Kaka Aliye Maskati



*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina mume na mtoto mmoja. Kaka yangu, ndugu pekee niliye naye, yuko Maskati tangu 2021. Alipoondoka aliniachia kompyuta aliyoiunga mwenyewe, na tangu hapo kila Ijumaa usiku tunacheza Counter-Strike pamoja. Tunaongea humohumo kwenye gemu: hali ya mama, kazi yake, mwanangu. Simu tunapigiana, lakini kwenye simu kaka ni mtu wa maneno mawili. Kwenye gemu anafunguka.*

*Tangu gemu ibadilike kuwa toleo la pili, kompyuta imenishinda. Kukiwa na moshi na watu wengi, picha inashikashika, mara inaganda, ikizinduka nimeshauawa. Wenzetu wa timu wananung'unika na mimi naona aibu. Siku hizi namwambia kaka nina daftari za kusahihisha, kumbe nakwepa.*

*Niliipeleka kwa fundi. Anasema prosesa imezeeka na aina yake imepitwa na wakati, nibadilishe mazabodi, prosesa na RAM kwa pamoja, shilingi 1,600,000. Jirani ananiuzia Core i7 ya kizazi cha saba iliyotumika kwa 150,000, anasema i7 ni kubwa kuliko Ryzen yoyote. Mwezi ujao napokea kijumbe, yaani zamu yangu ya upatu, 550,000. Nimefikiria kujazia kwa mkopo wa simu. Mume wangu anasema pesa ya gemu ni pesa ya kutupa.*

*Vilivyomo ndani ni hivi: Ryzen 3 1200, mazabodi ya B450, RAM kipande kimoja cha GB 8, kadi ya GTX 1660 Super, SSD, kioo cha Hz 75, na Windows 10. Ninunue prosesa gani? Na je, ninakosea kuitaka?*

*Mwalimu, Tanga*



Nianze na majibu, sababu zifuate. Hukosei kuitaka. Usikope. Usinunue i7 ya jirani, maana haiingii kwenye mazabodi yako. Usitoe 1,600,000 ya fundi. Fanya kwanza vipimo viwili nitakavyokueleza, na vikithibitisha ninachokishuku, nunua Ryzen 5 5600 pamoja na kipande cha pili cha RAM, uvipachike kwenye mazabodi hiyohiyo aliyokuachia kaka yako.

Fundi wako amesema nusu ya kweli. Prosesa imezeeka, hilo nakubaliana naye. Lakini soketi iliyoishika haijazeeka pamoja nayo, na hapo ndipo penye bahati yako.

Jua kwanza kinachokuchelewesha

Mchezaji anaposema kompyuta inalagi, huenda anaumwa ugonjwa mmoja kati ya miwili inayotibiwa tofauti kabisa. Wa kwanza ni wa mtandao: adui anaruka kutoka ukutani hadi mlangoni bila kupita katikati, risasi zako hazimpati, lakini ukigeuza kipanya picha yenyewe inateleza vizuri. Wa pili ni wa mashine: picha nzima inakatikakatika, hata ukigeuza kipanya tu. Prosesa hutibu huo wa pili tu. Valve, wenye Counter-Strike, wana seva Dubai, na ukicheza huko kila ujumbe wa kompyuta yako hutoka Tanga, ukafika Ghuba na kurudi. Hakuna prosesa itakayofupisha safari hiyo.

Gemu yenyewe ina kipimo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Game, kisha Telemetry, uwashe namba za fremu (picha) kwa sekunde, muda wa kila fremu, na ping, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi. Cheza kama kawaida, na pale picha inapoanza kushikashika utazame ni namba ipi inaharibika. Ping ikiruka huku fremu zikibaki imara, dawa ni waya wa mtandao badala ya Wi-Fi, au kubadilisha kifurushi au kampuni ya intaneti, na kijumbe chako kibaki salama. Fremu zikianguka huku ping ikibaki palepale, tatizo limo ndani ya kasha la kompyuta.

Ukishajua limo ndani, uliza la pili: ni prosesa au ni kadi ya michoro? Kila fremu unayoiona huanzia kwa prosesa. Yeye ndiye anayekokotoa nani yuko wapi, nani amepiga risasi na imepita wapi, mlango gani umefunguka. Akimaliza humkabidhi kadi ya michoro, naye huchora. Mmoja akichelewa, mwingine hukaa akingoja, na fedha utakayotumia kwa yule anayengoja haitaongeza fremu hata moja.

Kumjua anayechelewesha ni rahisi. Zima V-Sync kwenye mipangilio ya picha ya gemu, ondoa kikomo cha fremu kama kipo, kisha punguza ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Hapo kadi inachora chini ya nusu ya nukta ilizokuwa ikichora, huku kazi ya prosesa ikiwa karibu ileile. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki karibu palepale, kadi ilikuwa inamngoja prosesa.

Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu ya maneno uliyoyaandika. Umetaja moshi, na umetaja watu wengi. Moshi wa toleo la pili unatobolewa na risasi na kutawanywa na bomu, na kuuchora ni mzigo wa kadi zaidi. Watu wengi mahali pamoja ni mzigo wa prosesa zaidi. Nikikuambia ununue prosesa kwa kusoma barua tu, nitakuwa nimebahatisha na pesa zako. Kipimo kikionyesha ni kadi, punguza ubora wa vivuli na ulainishaji wa kingo kwenye mipangilio, cheza tena, na prosesa uiache kwanza.

Jambo moja la kuangalia kwa makini: usiamini asilimia ya jumla ya prosesa kwenye Task Manager. Gemu huegemea viini vichache kuliko vingine, na prosesa inaweza kusoma asilimia 60 wakati kiini kimoja chenye kazi kuu kimefika mwisho wa nguvu zake. Tazama kadi. Ikiwa picha inashikashika huku kadi ikifanya kazi mbali chini ya asilimia 95, kadi inangoja. Hapohapo tazama na RAM. Ikiwa imejaa hadi karibu na GB 8, na wewe una GB 8 tu, umepata mshukiwa wa pili.

Yasiyogharimu kitu

Kabla ya kununua chochote, fungua kasha, utoe vumbi kwenye feni na mapezi ya kupoozea prosesa. Tanga kuna joto na unyevunyevu wa bahari, na mashine iliyokaa miaka kadhaa bila kusafishwa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Funga kivinjari na programu zinazojifungua pamoja na Windows. Hakikisha Windows imeweka kioo chako kwenye Hz 75, kwa kuwa vioo vingi huachwa kwenye 60 bila mwenyewe kujua.

Kisha ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi yenyewe kabla Windows haijafunguka, utafute kitu kiitwacho XMP, ambacho mazabodi nyingine hukiita DOCP au A-XMP. RAM iliyoandikwa 3200 kwenye lebo yake huanza kazi kwa 2133 au 2400 hadi mtu awashe kasi yake kamili. Prosesa za Ryzen huathirika sana na jambo hili. Kwa prosesa yako ya sasa, ambayo rasmi inaishia 2667, huenda kasi kamili ikakataa na kompyuta ikashindwa kuwaka mara ya kwanza. Usiogope. Mazabodi nyingi hurudi zenyewe kwenye kasi ya chini baada ya kujaribu mara chache, nawe unachagua kasi ya katikati.

Kwa nini naishuku prosesa

Ryzen 3 1200 ilitoka Julai 2017. Ina viini vinne na nyuzi nne za kazi, kasi ya GHz 3.1 inayopanda hadi 3.4, na kashe, ambayo nitaieleza mbele, ya MB 8. Ilikuwa prosesa ya bei nafuu, na kaka yako alichagua vizuri kwa wakati ule, maana gemu mliyokuwa mkiicheza ilikuwa ya mwaka 2012. Tarehe 27 Septemba 2023 Counter-Strike 2 ikachukua nafasi yake, na masharti yake ya chini kabisa ni prosesa yenye nyuzi nne na RAM ya GB 8. Wewe una nyuzi nne na GB 8 kamili. Umesimama kwenye kizingiti chenyewe, na kwenye nyuzi hizohizo nne unabeba Windows, programu ya kukinga virusi na sauti ya kaka yako. Haishangazi kwamba wakijaa watu, mashine inakosa pumzi.

Kadi yako, GTX 1660 Super, bado inaifaa gemu hii vizuri kwa kioo ulichonacho. Ndiyo maana dau langu liko kwa prosesa. Lakini hilo ni dau, na kipimo ndicho kitakachoamua.

Soketi uliyonayo

Mazabodi yako ya B450 ina soketi iitwayo AM4. AMD walianza kuuza Ryzen kwenye soketi hiyo mwaka 2017, wakaendelea nayo kizazi baada ya kizazi hadi Ryzen 5000, iliyoanza kutoka Novemba 2020. Mei 2020 AMD walitangaza kwamba mazabodi za kundi la 400, yako ikiwemo, hazitapokea Ryzen 5000. Wateja wakalalamika kwa nguvu, na kabla mwezi haujaisha AMD wakageuza kauli. Kwa uamuzi ule, mazabodi aliyonunua kaka yako inaweza leo kubeba prosesa bora sana kuliko iliyozaliwa nayo, bila kubadilisha RAM, kadi wala kasha.

Sasa i7 ya jirani. Core i7 za kizazi cha saba hukaa kwenye soketi ya Intel iitwayo LGA1151. Umbo lake, mpangilio wa pini zake na mazabodi yake ni vingine kabisa. Hata angekupa bure ungelazimika kununua mazabodi nyingine ya zamani, tena iliyotumika. Na hoja yake kwamba i7 ni kubwa kuliko Ryzen yoyote haisimami. Tarakimu ya 3, 5, 7 au 9 hulinganisha prosesa za kizazi kimoja na kampuni moja. Core i7-7700 ya mwaka 2017 ina viini vinne na nyuzi nane. Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 ina viini sita na nyuzi kumi na mbili, na kila kiini chake kinafanya kazi zaidi kwa wakati uleule. Mwenye Ryzen 5 hiyo atamwacha mwenye i7 ile mbali.

Ipi kati ya zinazoingia?

Ryzen 5 5600 naipendekeza kwa sababu nne. Ina viini sita, na kwa gemu za leo hiyo ni nafasi ya kutosha. Ina kashe ya MB 32, mara nne ya uliyonayo. Inatumia umeme wa daraja la wati 65, sawa kabisa na prosesa yako ya sasa, kwa hiyo pawasaplai haibadilishwi, na hata feni iliyokuja na ile ya zamani itaifaa ikiwa nzima. Nne, imo katika orodha ya Windows 11, na yako haimo. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wewe ni mwalimu. Bila shaka kwenye kompyuta hiyo kuna mitihani na alama za watoto wa watu.

Nikueleze kashe, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha prosesa hizi madukani. Mwalimu aliyeweka vitabu vyote mezani mwake hufundisha bila kukatika, lakini yule ambaye kila akitaka kitabu lazima aende ofisini hufundisha kwa vipande, hata kama ana akili kuliko mwenzake. Kashe ndiyo meza hiyo, na RAM ndiyo ofisi. Gemu huuliza maswali madogomadogo yasiyo na mpangilio, na prosesa yenye kashe kubwa huyajibu bila kuondoka. Fremu inayochelewa ghafla, ile inayokufanya uuawe, mara nyingi ni prosesa iliyokwenda ofisini.

Kwa kipimo hicho utazielewa nyingine. Ryzen 5 5500 ina viini sita pia lakini kashe ya MB 16, kwa hiyo ichukue tu ikiwa tofauti ya bei ni kubwa. Ryzen 5 5600G nayo ina MB 16, ila ina uwezo wa kuchora ndani yake yenyewe. Wewe una kadi, hivyo ungelipia usichokihitaji, japo siku kadi ikifa ungeendelea kusahihisha na kuandika mitihani. Ryzen 5 5600X ni karibu pacha wa 5600, basi nunua yenye bei ndogo kati yao. Ryzen 5 3600 ya mwaka 2019 ni chaguo la heshima ikiwa iliyotumika inapatikana kwa bei nafuu kweli. Kashe yake ni MB 32 pia, lakini imegawanywa vyumba viwili vya 16, na viini vya upande mmoja havifikii kwa urahisi chumba cha wenzao.

Juu kabisa ya soketi hii ziko 5700X3D na 5800X3D, zenye viini vinane na kashe ya MB 96, kwa kuwa AMD walibandika MB 64 za ziada juu ya prosesa yenyewe. Counter-Strike huzipenda sana prosesa hizo. Sikushauri ununue. Aprili 2022, mwezi ambao 5600 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 199, 5800X3D ilianza kwa dola 449, na haiji na feni yake. Kioo chako huonyesha picha 75 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 13.3. Fremu zinazozidi hapo hupunguza kidogo kuchelewa kati ya mkono na picha, jambo linalowasumbua wanaoshindania fedha. Unachohitaji wewe ni fremu 75 zisizoyumba wakati wa vurugu, ili umsikie kaka yako bila kukatizwa.

Kuhusu RAM, kipande kimoja kinaacha njia moja kati ya mbili za prosesa ikiwa tupu. Ongeza kingine cha GB 8 kinachofanana na kilichopo kwa kasi na aina, DDR4. Tafuta maelezo ya lebo ya kile cha kwanza na umwonyeshe muuzaji. Fedha isipotosha vyote viwili, Task Manager ikuamulie: kama RAM haijai, prosesa itangulie, kama imejaa pomoni, anza na RAM, kwa kuwa ndiyo rahisi zaidi.

Kwa nini nimeikataa 1,600,000

Kifurushi cha fundi kikiwa cha soketi mpya ya AMD, AM5, jua kwamba inatumia RAM ya DDR5 tu, na DDR4 yako haiingii. Kwa hiyo bei ya prosesa hapo ni mwanzo tu. Mtu anayeanza upya, asiye na chochote, ningemshauri afikirie njia hiyo. Wewe una mashine nzima inayofanya kazi, yenye kiungo kimoja dhaifu. Na ikiwa kifurushi cha fundi kina Core i5 yenye nguvu, i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, kuwa mwangalifu zaidi. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa nyingi za kompyuta za mezani za vizazi hivyo zilikuwa zikipokea volti za kupita kiasi, zikaharibika polepole. Walitoa marekebisho Agosti 2024 na kuongeza dhamana kutoka miaka mitatu hadi mitano, lakini marekebisho hayaponyi iliyokwisha kudhurika, na anayenunua mkononi mwa mtu hana njia rahisi ya kujua iliishi vipi.

Kununua na kupachika

Uliza bei kwa maduka kadhaa, Tanga na Kariakoo, na mwombe kaka aulize Maskati. Bidhaa hizi nyingi hupitia Dubai kabla ya kufika kwetu, na mtu akija likizo anaweza kuibeba kwenye mkoba wake wa mkononi. Yenye boksi la AMD ina dhamana ya miaka mitatu ya kampuni, wakati isiyo na boksi dhamana yake ni neno la muuzaji, basi liandikwe kwenye risiti.

Ukinunua iliyotumika, igeuze uone chini. Prosesa za AM4 zina pini 1,331 nyembamba, na iliyopinda au kukatika huonekana ukiinamisha prosesa kwenye mwanga na kutazama kwa mstari. Omba iwashwe mbele yako, usome jina lake kwenye skrini. Ziepuke zenye neno PRO zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi, kwa sababu baadhi zimefungwa kwenye mazabodi za kampuni iliyoziuza mwanzo na hazitawaka kwenye yako.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka wakaharibu kila kitu. Mazabodi yako huenda haiifahamu Ryzen 5000 mpaka BIOS yake isasishwe, na kazi hiyo unaifanya ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani. Soma jina kamili la mazabodi pamoja na namba ya toleo lililochapwa kwenye ubao, uende kwenye tovuti ya mtengenezaji, ufungue orodha ya prosesa inazozikubali na uone 5600 inahitaji BIOS ipi. Mazabodi nyingine hutaka upitie BIOS ya katikati kwanza, kwa hiyo soma maelezo yote. Pakua faili, weka kwenye flashi, sasisha kutoka ndani ya BIOS yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza kufa. Azima UPS, na usifanye siku ya mvua na radi.

Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kinga yake ya kufunga diski, andika ufunguo wake wa kurejesha kwanza. Prosesa ikibadilika, mazabodi itauliza kama ifute siri za usalama zilizokuwa kwenye ile ya zamani, na bila ufunguo huo hutafungua mafaili yako.

Wakati wa kung'oa, washa kompyuta na ucheze kidogo ili pesti ya joto ilainike, kisha zima, chomoa waya wa umeme, ufungue feni, uizungushe taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua. Ukiivuta moja kwa moja, prosesa hutoka nayo ikiwa imegandia, na pini hupinda. Futa pesti ya zamani, paka mpya ukubwa wa punje ya kunde, linganisha pembetatu ndogo ya kona ya prosesa na ile ya soketi, uiweke bila kuisukuma. Ikiwa mkono wako hauna uhakika, mlipe fundi kwa kazi hii, ukae naye ukitazama.

Kuhusu nyumbani

Mumeo hana makosa kuuliza pesa inakwenda wapi. Alichokisikia ni 1,600,000 na mkopo, na mimi ningekuwa na wasiwasi kama yeye. Usimfiche. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi mwonyeshe daftari: namba za vipimo, bei ya kila duka, na kikomo mtakachokubaliana. Mwambie pia ulichoniambia mimi, kwamba kaka yako hafunguki kwenye simu. Ndugu yako pekee yuko ng'ambo ya bahari na mmepata mahali pa kukutana kila wiki. Mtu mzima, mke na mwalimu, ana haki ya kutunza mahali hapo kwa pesa aliyoiweka akiba mwenyewe, maadamu ada ya mtoto na chakula havijaguswa.

Mkopo wa simu ndio nakukataza bila masharti. Deni la muda mfupi na riba yake litageuza saa zako za raha na kaka kuwa saa za mawazo. Vitu hivi vinaweza kununuliwa kwa awamu, kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao, na kompyuta itaendelea kufanya kazi katikati yake.

Na mwambie kaka ukweli. Yeye ndiye aliyeiunga mashine hiyo, anaijua kila skrubu yake, na huenda anajiuliza kwa nini siku hizi daftari za kusahihisha zimezidi. Ijumaa hii ingia hivyohivyo na mashine yako inayoshikashika, washa zile namba, na mfanye vipimo pamoja, yeye akikuelekeza, wewe ukiandika. Kama mtapata kwamba ni prosesa, mtaichagua wawili, na utakuwa umeipata Ijumaa yako kabla hujatumia hata shilingi moja.